Majibu Kumi na Mawili ya Yaya

Dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya, alikuwa amefaulu mtihani wa maandishi wa shule ya wauguzi ya Baraka. Alitaka kujifunza ukunga. Yalibaki mahojiano: kukaa mbele ya watu watatu na kuwaeleza, kwa Kifaransa, kwa nini wampe nafasi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameangukia hapo hapo. Akianguka tena, alisema, atashika jembe la mihogo na hataomba tena.

Tulikuwa na siku nane, nasi tukajiandaa kwa njia pekee iliyojulikana nyumbani kwetu Mboko. Baba ni katekista, mwalimu wa dini parokiani. Kwake kila kitu cha kujifunza kina namba: swali la kwanza na jibu lake, la pili na jibu lake, mpaka mwisho, kwa sauti moja. Mimi niliyependa maneno kupita kiasi nikapewa kazi ya kuandika. Nikajaza daftari maswali kumi na mawili, na majibu yaliyopambwa kama altare ya Pasaka. Katika jibu la kwanza yaya alisema ameitwa na uhai wenyewe. Maishani mwake hakuwahi kusema kitu kama hicho.

Kila alasiri Baba aliketi na daftari, yaya akasimama mbele yake, mikono nyuma. Mama alikuwa pembeni, ameinama, akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani. Hajui Kifaransa, lakini masikio anayo.

"Huyu mutoto anaongea kama mutu anasoma barua ya jirani," alisema siku ya tatu.

"Mama, we hauelewi hata neno moja!" yaya akacheka.

"Maneno sielewi. Wewe nakuelewa."

Siku ya sita Baba aliitwa parokiani. Mama akapangusa mikono yake, akakalia kiti cha Baba.

"Leo mi ndiye mukubwa wa masomo. Kaa."

"Utauliza kwa Kifaransa?" nikamchokoza.

"We nyamaza, karani." Akamgeukia yaya. "Mama mumoja amefika, uchungu umemushika, hana hata kitambaa cha kufunika mutoto. Utafanya nini?"

Yaya aliketi. Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukulijua. Mwanamke mmoja, mkimbizi kutoka Burundi aliyelima jirani na shamba letu, alishikwa na uchungu katikati ya mihogo. Hapakuwa na mtu mwingine. Yaya alitandika kitenge chake, akaketi nyuma ya yule mama ili aegemee.

"Sikujua kitu, Mama. Nilimupa mugongo tu. Kila akisukuma, mugongo wake unagonga wangu, mi namuambia: niko hapa, niko hapa. Bamama wengine walipofika, mutoto alikuwa ameshalia. Tangu siku ile nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kile nilipaswa kufanya."

Mama aliitazama mikono yake. "Na mi nilikugombeza juu ya kitenge," alisema. "Nilisema umekisahau shambani."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuandika chochote.

Asubuhi ya mahojiano pikipiki moja ilitubeba sote wawili hadi Baraka, yaya ameshika viatu vyake mapajani ili visipate vumbi. Nikasimama nje, chini ya dirisha. Mwanamke mwenye mvi aliyeongoza mahojiano alianza kwa kuuliza ni nini kinamtia hofu katika kazi hii. Katika daftari letu hilo lilikuwa swali la nne. Nikamsikia yaya akijibu, kwa sauti ya kanisani, kwamba ameitwa na uhai wenyewe.

Watoto wa darasa la dini la Baba waliwahi kufanya hivyo. Padri mgeni aliruka swali la malaika, nao wote kwa pamoja wakamjibu malaika. Nyumbani tulicheka wiki nzima. Chini ya lile dirisha sikucheka. Jibu lile niliandika mimi.

Ndani mtu mmoja alicheka. Kisha sauti ya yaya, ya chini, ile ya nyumbani.

"Samahani, Mama. Nimejibu swali lingine. Naomba nianze tena."

Akaanza. Kifaransa chake kilichechemea, lakini kilitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alisema hofu yake ni kuwa na mikono isiyojua la kufanya. Akawapeleka katikati ya mihogo.

"Na yule mtoto?" mwanamke mwenye mvi aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Iko, Mama. Anakimbia sasa. Akiniona mi, anakimbia zaidi."

Wakacheka wote, naye yaya pamoja nao.

Majina yalipobandikwa, Baba ndiye aliyekwenda kuyasoma. Alirudi jua likiwa kali, akasimama uani wima kama mbele ya darasa lake.

"Swali la kwanza," alisema. "Ni nani atakwenda kusoma Baraka?"

"Baba ya batoto, usinitese!" Mama akapiga kelele. "Iko?"

Baba alifungua mdomo ajibu kwa utaratibu, sauti ikamkatalia. Aliitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, mpaka yaya akamshika mkono.

Siku ya kuondoka, Mama alimfungia yaya ndagala za kula huko shuleni. Karatasi alizochana zilitoka katika daftari langu, nami sikumzuia. Majibu yote kumi na mawili yalikwenda Baraka hivyo, yamekunjwa vizuri, yananuka samaki.