Nyumba Iliyochaguliwa

Juzi, pembeni mwa Sumbawanga, nilimwona mtoto akiipapasa X nyekundu iliyopakwa ukutani kwao. Harufu ya rangi mbichi ikanirudisha kwetu.

Mwaka ule mji ulikuwa ukiusubiri Mwenge wa Uhuru, na nyumba zote za barabarani zilipigwa chokaa. Yetu, iliyosogelea barabara kuliko zote, ndiyo pekee iliyopata alama nyekundu. Niliamini tumechaguliwa kuupokea. Nilifagia uwanja kila asubuhi mpaka vumbi likaniwasha kooni.

Mchana mmoja baba alipanda juu ya paa akaanza kung'oa bati. Misumari ililia. Mama alikuwa akianua ulezi kwa pupa, macho yake barabarani, ambako mngurumo ulizidi kukaribia.

"Mama, Mwenge umefika?"

Alimwita baba kwa sauti ndogo: "Baba Neema, shuka. Wamekuja."

Nikakimbia barabarani, nikasimama wima mbele ya tingatinga, nikauimba wimbo wa mapokezi tuliofundishwa shuleni. Dereva akazima injini. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akaniacha niimbe mpaka ubeti wa mwisho.

Kisha akawasha.