Kopo la Mafuta na Mwanzo wa Uhai

Kinyaa kile ninacho mpaka leo. Nikipita karibu na maji yaliyotuama, nabana pua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, shule moja juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Lukozi. Mwalimu wetu, Mlutheri mpole asiyejua kunyamaza, alituambia kwamba huenda uhai ulianzia kwenye maji machafu ya zamani mno, kabla ya mti, kabla ya mdudu. Joto na radi vilipika vitu vilivyoyeyuka majini. Kisha utando kama wa mafuta ukajikunja, ukafumbata kitone, na kitone kile kikawa na ndani yake na nje yake. "Hakuna aliyekuwepo kuona," alisema, "lakini hebu tujaribu kidogo."

Akaleta kopo. Kha! Maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, yana utando wa kijani na yanavunda kama chura aliyekufa juzi. Akatia majivu, akatia bonge la mafuta meupe, akaniita mimi nikoroge kwa mkono, eti mikono ya wasichana ni myepesi. Msichana darasani nilikuwa peke yangu. Nikakoroga huku nimebana pua. Kweli, vilitokea vitone vidogo vidogo; kimoja kikavimba, kikajibana katikati, kikawa viwili. Nikasogeza uso nikione vizuri, tone likanirukia mdomoni.

"Mafuta ya nini hayo, mwalimu?" mwenzangu akauliza.

"Ya nguruwe. Nimepewa na Mzungu wa shamba la bondeni." Alijibu hivyo hivyo, bila hata kufikiri, kwao ni kitoweo.

Astaghfirullah! Nusu ya darasa tulikuwa Waislamu. Nilitapika palepale, juu ya viatu vyake, wala sikuomba radhi.

Nyumbani mama alinisimamisha uani, hakutaka nikanyage jikoni. "Shule basi! Leo nguruwe, kesho nini? Utabaki hapa ulime." Nililia kwa hasira. Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote, na sasa unaniponyoka kwa uchafu wa mtu mwingine.

Baba aliporudi kutoka shambani nilimwamkia kwa mbali, shikamoo, nisimguse. Akasikiliza yote, akatema mate. Akaniosha mikono na mdomo yeye mwenyewe, mara saba kama dini inavyotaka, mojawapo kwa udongo, akinisugua mpaka ngozi ikawaka. Muda wote uso kaukunja. Nikajua shule imekwisha.

"Na hicho kitone," akauliza, "kiligawanyika chenyewe? Hukukikata?"

"Chenyewe, baba. Nilikiona."

Kisha akaingia ndani, mama akimlalamikia nyuma, akatoka na mafuta ya mkia wa kondoo kwenye jani la mgomba.

"Kesho mpelekee mwalimu wako. Mwambie arudie kwa haya, tena kwenye kopo jingine. Na wewe uangalie vizuri, uje unieleze."