Jina la Baba Kwenye Cheti cha Tufaha

Tufaha alizaliwa Igalula, binti wa mdogo wangu Mfaume. Mama yake alifariki akimzaa. Nikamchukua, mimi ambaye sikujaliwa mtoto, tukahamia Tabora mjini na mume wangu Sadiki. Majirani waliniona na mtoto mgongoni, wakaamini nimemzaa. Sikuwasahihisha. Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu aliuliza jina la baba. Nikajibu bila kumeza mate: Sadiki.

Mwaka huu Tufaha, muuguzi kamili, alipata kazi hospitali moja ya Nzega. Jumatano akaja analia.

"Mama, cheti cha kuzaliwa kinasema Mfaume, cha chuo kinasema Sadiki. Wanadhani nimeiba cheti cha mtu. Mwisho Ijumaa saa sita, baada ya hapo anachukuliwa mwingine."

Ijumaa saa tatu tulikuwa chuoni, kwa Erasmus, mtunza kumbukumbu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, futa Sadiki, andika Mfaume."

"Zamani ningefuta. Sasa vyeti viko kwenye blokcheni. Kila taarifa imefungwa kwa iliyotangulia kama mnyororo, na nakala ziko kompyuta nyingi. Nikichezea moja, zote zinanikana."

"Mashine yenu jeuri."

"Jeuri kweli. Haifuti, inaongeza tu. Leteni kiapo cha aliyemwandikisha, nikiunganishe."

Kwa wakili, ng'ambo ya barabara, benchi lilijaa. Mwisho wa benchi alikaa Zamda, jirani yangu, mwenye mdomo usio na kifuniko. Zamu yetu ilifika saa tano na robo.

"Huyu ni mwanao wa kumzaa?" wakili akauliza.

Nikageukia benchi. Zamda akaacha kujipepea.

"Mama, twende," Tufaha akaninong'oneza. "Kazi nyingine itapatikana."

Nikatazama saa ya ukutani.

"Sikumzaa," nikasema kwa sauti, nisije nikaulizwa tena. "Ni wa Mfaume. Jina la Sadiki nililitaja mimi."

"Kumbe!" Zamda akadakia. "Miaka yote hiyo?"

"Ishirini na minne. Na ukihesabu, hesabu na nepi nilizofua."

Tukarudi chuoni mbio, kiapo mkononi. Erasmus akauliza uhusiano wangu na mwenye cheti.

"Shangazi," nikasema. Neno hilo sikuwahi kulitamka.

"Likishaingia halitoki, mama."

"Liingize."

Akakiunganisha kiapo, akawatumia Nzega. Saa sita kasoro dakika nane wakajibu: aripoti Jumatatu.

Nje, Zamda alikuwa amesimama na wenzake wawili, wanatusubiri. Tufaha akanishika mkono.

"Mama!" akaita, mtaa mzima ukasikia. "Angalia mtaro hapo, mama."