Kamba ya Ng'ombe Imebeba Mlango Wetu

Ukiona wanaume wawili hapo Makutano wamebeba mlango, hao ni kaka zangu.

Wacha niwaeleze.

Mwezi uliopita tulichukua mkopo wa nyumba, na benki ikatuahidi keshibeki. Yaani ukilipa mwaka mzima bila kuruka mwezi, wanakurudishia kidogo. Ukiuza nyumba mapema, unawarudishia wao.

Mume wangu Mutwiri alisikia tu "benki itakupa." Papo hapo akawapigia simu kaka zangu kule Embu: njooni mchukue ng'ombe wa mahari mnayonidai.

Leo wamefika. Na kamba.

Mutwiri akaanza kueleza mambo ya mwaka mzima. Kaka mkubwa, Njeru, akamkatiza.

"Shemeji, kwa hivyo ni pesa yenu wenyewe mtarudishiwa?"

"Ni kama hivyo," Mutwiri akasema, akacheka.

Jamani, si angenyamaza tu!

Ngumi ya Njeru ikampata mdomoni. Jino likaanguka kwenye tailizi mpya za sakafu. Akamrushia Njeru kiti, kikapasua dirisha. Mimi nikaingia katikati na mwiko, nikachapa yeyote aliyekuwa karibu. Kaka mdogo ana nundu, pole yake.

"Msivunje nyumba!" nikapiga kelele. "Ni ya benki!"

Wakatulia. Njeru akauangalia mlango.

"Basi benki ianze kulipa."

Wakaung'oa, wakaufunga na ile kamba ya ng'ombe, wakaenda.

Sasa nimekaa sebuleni na kila anayepita barabarani ananisalimia.

Nyinyi wenye mikopo, nisaidieni: benki nitaiambia nini, na mlango wake umeshatolewa mahari?