Ubani Umepokelewa

Kwa miaka mingi nilikuwa mjumbe wa kamati ya kutafuta mambo yanayounganisha imani yetu na imani ya Wahindu. Tulikuwa wazee wanne, wawili wa Kilutheri na wawili wa hekaluni, na tulikutana Raskazone, kwenye sebule ya nyumba ya zamani yenye dari ya juu. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa nimesoma chuo cha Biblia, na kwa kuwa jirani yangu hapa Chumbageni, muuza vitambaa, ni Mhindu. Kanisani walidhani mtu aliyetenganishwa na Mhindu kwa ukuta mmoja lazima anamfahamu. Jirani yangu naye alichaguliwa na wenzake kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni chai. La pili lilichelewa. Siku moja tulikaribia sana, tukaandika kwamba sote tunapenda nuru. Mwenzangu wa Kilutheri akauliza, "Nuru ipi?" na kikao kikaishia hapo.

Jirani yangu hakuona tatizo lolote. "Mwalimu," aliniambia tukirudi nyumbani kwa bajaji, "nyie mna Utatu, sisi tuna wengi kidogo. Tofauti ni hesabu tu."

"Utatu si hesabu!"

"Basi na sisi si hesabu. Umeona? Tumekubaliana."

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo sikulegeza, nalo ni ubani. Kila jioni alifukiza mbele ya sanamu zake, na moshi uliruka ukuta ukaingia kwangu wakati wa sala ya nyumbani. Mimi ni Mshambaa wa Amani, kule milimani, baba yangu alikuwa kibarua wa chai, na wazee walionilea katika imani walinifundisha kwamba moshi ni wa mizimu. Nimefundisha hivyo vijana wa kipaimara, mwaka hadi mwaka. Kila Krismasi vijana hao hao waliigiza wageni wa kutoka mashariki wakimletea mtoto Yesu uvumba ndani ya kopo la maziwa ya unga, na sikuwahi kuona shida yoyote. Jioni nilifunga dirisha.

Dada yangu mkubwa, mjane aliyeishi nami, hakuwa mjumbe wa kamati yoyote. Mwana wa jirani alipoletewa mke kutoka India, dada alisimama naye kila asubuhi kwenye ukuta mfupi wa nyuma ya jiko, akimwonyesha vitu na kumtajia majina yake. Mwiko. Ungo. Kifuu. Yule binti alipoonyesha moshi wa chetezo chake na kuuliza, "Hii?", dada akamwambia, "Ubani." Dada akichoka alihamia Kishambaa bila kujua, kwa hiyo binti aliamini kwamba "Onga makeo" ni Kiswahili. Alinisalimia hivyo kila asubuhi, nami niliitikia kwa furaha wala sikumsahihisha.

Zaidi ya ukuta ule hakwenda popote. Wanawake wa mtaa walisema anaringa. "Haringi," dada aliniambia, "anaogopa kuchekwa. Huyu wakimcheka mara moja tu, hatatoka tena ndani mpaka azeeke."

Kisha dada akaugua kifua, na Bwana akampumzisha. Alikuwa amekula chumvi nyingi, nami nashukuru.

Huku pwani kile ambacho kule kwetu milimani tunakiita rambirambi huitwa ubani. Mtu huleta bahasha au noti iliyokunjwa, na mwenye msiba hujibu kwamba ubani umepokelewa. Wanawake wa mtaa walipopita kwenye geti la jirani, mmoja akamwita yule binti kwa wema kabisa: "Shemeji, tunapeleka ubani kwa Mwalimu. Na wewe uje!"

Akaja. Peke yake.

Jeneza lilikuwa sebuleni na mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Binti aliingia akiwa na sari nyeupe na sinia ya shaba, na juu ya sinia chetezo kikifuka moshi kama tanuri. Akaipita meza ya bahasha bila kuitazama, akapita katikati ya wanawake waliokaa mkekani, akakiweka chetezo kichwani pa dada yangu. Kwao, nilikuja kuelezwa, ndivyo mpendwa anavyoagwa.

Kisha kiongozi wa umoja wa wanawake akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Yesu wangu! Uganga, na mchungaji yumo humu humu!"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Jirani yangu akaja mbio kutoka nje chini ya turubai. "Mwalimu, samahani sana, huyu mtoto hajui."

Binti aliwatazama, akatazama meza, akaziona bahasha. Niliona anaanza kuelewa. "Dada alisema," akaniambia polepole, "hii ubani."

Mchungaji aliniinamia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye msiba. Kitolewe?"

Nilikuwa na mafundisho ya kutosha ya kumjibu, na kwa Maandiko. Lakini nilikumbuka ukuta wa nyuma ya jiko, nikasimama, nikampa binti mkono kama nilivyowapa wengine wote siku ile.

"Ubani umepokelewa," nikasema. "Ahsante, mwanangu."

Aliyeziba mdomo akaushusha mkono. Yule kiongozi akavuta miguu, akapigapiga mkeka kando yake. "Haya, kaa hapa na mimi. Ila umenikohoza, mwanangu, nisikufiche." Binti akakaa. Ibada iliendelea ndani ya moshi, mchungaji akisoma na kupangusa macho, na walioketi nyuma walishuhudia baadaye kwamba hawajapata kumwona akiguswa na msiba kiasi kile.

Kwenye kikao kilichofuata jirani yangu alisema jambo la pili limepatikana, tuandike ubani. Nikamweleza kwamba ubani ule ni wa aina mbili tofauti, na ni neno tu limegongana. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Juzi amefariki mzee mmoja mtaa wa pili. Asubuhi nikasikia "Onga makeo!" ng'ambo ya ukuta. Binti alikuwa tayari kutoka, wanawake wanamngoja getini, bahasha mkono mmoja na chetezo mkono wa pili.

"Mwalimu, leo ubani upi?"

Marehemu alikuwa Mkatoliki, na wao jeneza hulifukiza. Nikamwambia apeleke wote.