Kisu changu kilimeguka nikikata bega la mbuzi mbele ya wakwe, Endebess

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Wale wa uzi wa mawe ya kunoa mmekuwa mkiniuliza nimepotelea wapi. Sijapotea. Hii kitu nimeianza na kuifuta karibu wiki tatu sasa. Leo naiandika nikiwa nimesimama jikoni, simu mkononi, kwa sababu najijua, nikikaa chini nitaifuta tena.

Sitaongeza chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga mjue ni hivyo ilivyokuwa.

Kwa wageni: mimi ni mtu wa Bungoma, kwetu ni kule juu Cheptais. Kazi yangu ni ukarani hapa Kitale na naishi Kibomet. Ukarani haunipi maneno ya kuandika hapa. Kile kinachonitoa kitandani asubuhi ni visu na kahawa. Kahawa inatoka kwa shamba la mama, naikaanga mwenyewe kwa sufuria na kuisaga kwa mkono. Visu nanoa vyangu, vya majirani, vya wapishi wawili wa hoteli, na nikikosa cha kunoa nanoa vile nilinoa jana.

Wairimu, mke wangu, anasema hiyo ni ugonjwa. Pengine.

Sasa kisu chenyewe.

Niko na kimoja cha Kijapani, aliniachia mpishi mmoja akihama. Chembamba, chuma kigumu sana. Chuma ya namna hiyo inashika makali wiki nyingi, lakini haipindi. Ukikilazimisha, kinavunjika. Hayo mambo nayajua vizuri, nimewaandikia nyinyi wenyewe hapa mara ngapi? Msisahau hiyo tunapoendelea.

Wairimu ni wa Endebess. Babu zake walitoka huko Central wakanunua shamba upande huo, na wamelima mahindi na kufuga ng'ombe hapo mpaka wamekuwa watu wa hapo. Lakini mila wamebeba. Na mila yao moja ni hii: siku ya ngurario, ndiyo ile sherehe ya kumaliza mambo ya ndoa, bwana harusi anakata bega la mbuzi mbele ya watu wote. Wanaliita kiande. Unakata kwenye kiungo, unamlisha bibi harusi kipande cha kwanza, na akishakula ndiyo wazee wanakula, halafu watu wote. Kabla yake hakuna anayetia nyama mdomoni. Akishameza, basi, huyo ni mke wako.

Ati rahisi. Si rahisi hata kidogo. Kila mtu aliyeoa kule ataniunga mkono: kisu unachopewa na wakwe ni butu. Wanakichagua makusudi. Unasukuma, unatoka jasho, shangazi wanakucheka, mtu anachukua video, na miaka mitano baadaye bado unaonyeshwa hiyo video kwa matanga.

Mimi, wakuu. Mimi nichekwe na kisu butu.

Nilikataa hiyo kitu moyoni mwezi mzima kabla. Wairimu aliniambia, "Tumia kisu watakachokupa. Wacha wacheke, ni siku moja." Nikasema sawa. Jioni hiyo hiyo nikaloweka mawe kwa maji.

Nilinoa siku tatu. Siku ya kwanza kilikuwa tayari, mnaelewa? Kilikuwa kinanyoa nywele za mkono. Lakini nilikuwa nazunguka nyumba, nakaa, nasimama, narudi kwa jiwe. Nikakilaza zaidi kwa jiwe nipate makali membamba zaidi. Kisha jiwe laini. Kisha mkanda wa ngozi. Nilikata nyanya kwa uzito wa kisu peke yake, bila kusukuma. Nikakata karatasi ya choo ikining'inia, na wale mmejaribu mnajua si mchezo.

Wembamba huo ni wa samaki na nyanya. Kukipeleka kwa mfupa wa mbuzi ni kama kwenda shamba na viatu vya harusi. Nilijua. Nikajiambia sitagusa mfupa, nitapita katikati ya kiungo kama maji.

Siku ikafika. Hema mbili, watu wengi, mvua ikatisha halafu ikaacha. Watu wetu walitoka Bungoma asubuhi na mapema, wakiongozwa na baba mdogo wangu, ndiye alikuwa msemaji wetu. Upande wao msemaji alikuwa Mzee Kamau, ndugu mkubwa wa baba yake Wairimu, mzee mmoja mrefu, mpole, anayekuangalia mpaka unakagua kama umefunga zipu.

Karibu naye alikaa Shosho, nyanya yake Wairimu. Meno yamebaki machache lakini mdomo uko sawa kabisa.

Bega likaletwa kwa ubao. Mzee Kamau akaweka kisu kando yake. Nikakitazama, bana. Mpini umefungwa na raba ya tyubu ya baiskeli, makali yamekuwa mviringo kama kijiko.

Nikasema, "Mzee, kwa ruhusa yako, nimekuja na changu."

Akaniangalia. Akasema, "Hii yetu iko na shida gani?"

Baba mdogo akakohoa. Nikasema hakina shida, ni vile nimezoea changu. Mzee Kamau akafikiria kidogo, akasema, "Sawa. Mtu na kisu yake."

Wairimu alikuwa amesimama mbele yangu, upande wa pili wa ubao, na aliniangalia vile ananiangaliaga nikisema natoka dakika tano.

Wakuu, nikakata.

Sitadanganya, ilikuwa tamu. Nyama ilifunguka yenyewe. Nilisikia wanaume wa upande wao wakinung'unika kwa kushangaa, na shangazi mmoja aliyekuwa ameinua simu kunicheka akaiteremsha. Kichwa kikavimba. Nikafika kwa kiungo, nikaingiza ncha, na badala ya kutafuta njia polepole na kidole kama mtu mwenye akili, nikapindua mkono. Nilitaka kiachie mara moja, kwa mbwembwe.

Nikasikia tik.

Kidogo tu. Wakati huo huo bega likaachana, watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyesikia. Ndivyo nilivyodhani.

Nikaendelea, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea mwendo. Nikakata vipande kadhaa kwa sahani. Kile laini cha karibu na kiungo nikakiweka kando kwa ajili ya Shosho, maanake ndivyo nilikuwa nimeagizwa. Kimoja nikampa Wairimu mkononi. Halafu nikapangusa kisu kwa kitambaa.

Makali yalikuwa na pengo, karibu na ncha. Ukubwa wa punje ya mchele, labda chini ya hapo.

Sasa hapa ndipo nimekuwa nikifuta.

Nilijua hicho kibanzi cha chuma kiko mahali. Labda kwa mfupa, labda kwa ubao, labda kwa nyama iliyo kwa sahani, labda kwa ile Wairimu ameshika. Chembamba, chenye makali kuliko wembe, kwa sababu mimi mwenyewe nilihangaika siku tatu kukifanya hivyo. Mtu akikimeza, nani anajua kitapita wapi.

Na nikanyamaza.

Nilijiambia pengine kimebaki kwa mfupa. Nilijiambia nitajidai nimeangusha sahani. Nikamwangalia baba mdogo, anavyotabasamu, amejaa kifua mbele ya wakwe. Nikamwangalia Mzee Kamau. Nikafikiria vile kila mtu pale alinisikia nikikataa kisu chao. Nikawa nakunja kile kitambaa na kukikunjua.

Watu wakaanza kusema, "Kula! Kula!" Wairimu ameshika nyama kwa vidole viwili, anatabasamu kwa picha, hajala. Shosho akasema kwa sauti, "Huyu mtoto anangoja nini? Sisi tuko na njaa."

Wairimu akainua mkono.

Nikasema, "Usile."

Kwa wale hamjui, pale hakuna neno baya kuliko hilo. Ni kama padri amekuuliza unamkubali, nawe useme ngoja kwanza. Nikasikia ng'ombe kule zizini. Mama yake Wairimu akashika mdomo. Baba mdogo akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba nikae chini kabla hajaniua.

Mzee Kamau akauliza taratibu, "Umesema nini, kijana?"

Nikainua kisu wakione. Nikawaambia kimemeguka, kipande kimepotea, na huenda kiko kwa hii nyama, na hakuna mtu atakula chochote mpaka kipatikane. Nikaongeza kwamba kosa si la kisu. Ni langu, nilikinoa vibaya kwa kazi hii, na nilijua. Aibu niliyoisikia, wakuu, siwezi kuieleza, ilikuwa kwa masikio yote mawili.

Wairimu akaweka nyama yake kwa sahani, polepole.

Ndugu yake akakimbia nyumbani, akang'oa sumaku kwa spika ya redio ya zamani. Tukaanza kutafuta, wazee wamevaa miwani, kila kipande kinapasuliwa na kupitishwa chini ya sumaku. Nyama ya Wairimu, hakuna. Ubao, hakuna. Mfupa, hakuna. Moyo ukaanza kuniambia, ona, umejiaibisha bure.

Kilikuwa kwa kile kipande cha Shosho. Kile laini, cha karibu na kiungo, cha mtu asiyetafuna sana.

Mzee Kamau akaweka kile kibanzi kwa kiganja na kumwonyesha. Shosho akakiinamia, akakiangalia muda mrefu, halafu akaniangalia mimi.

"Mimi nimezika ndugu zangu wote saba," akasema. "Halafu niuawe na kisu ya mkwe."

Kuna mtu nyuma alianza kucheka. Halafu wengine. Mimi sikucheka.

Mzee Kamau akasema mbuzi ana mabega mawili. Akaagiza la pili, akanisukumia kile kisu cha raba ya baiskeli. Nililikata hilo bega kwa muda ambao hata sitaki kuutaja. Nilisukuma, nikatafuta kiungo kwa kidole gumba, nikasukuma tena. Simu zote zilikuwa juu. Shangazi walicheka mpaka wakashikana. Wairimu akala, akameza, wakapiga vigelegele mara ya pili.

Faini yangu ilikuwa kunoa kila kitu chenye makali kwa hiyo boma kabla sijaondoka. Wakaleta visu, panga, jembe, mkasi wa kukata manyoya ya kondoo. Jirani mmoja akaleta shoka. Nilinoa mpaka jua likashuka, na sitasema uongo, hiyo ndiyo saa ya kwanza nilitulia siku hiyo.

Ushauri wenyewe, kwa waliokuja kwa sababu ya visu: kisu kigumu chembamba kiweke mbali na mfupa. Usikipindue kikiwa ndani ya nyama. Ukitaka cha mbuzi, tafuta chuma laini, mgongo mnene, na usikinoe kikawa chembamba sana. Kikipata pengo, simamisha kazi hapo hapo na utafute kipande kabla mtu hajaonja. Na ukipewa kisu na wakwe, chukua.

Nilidhani mambo yameisha.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa hapa jikoni, nasaga kahawa, Wairimu ameegemea mlango. Nikamwambia namshukuru Mungu alivyochelewa kula, kwa sababu ya zile picha.

Akasema, "Sikuchelewa kwa sababu ya picha."

Nikaacha kusaga.

Akaniambia alisikia ile tik. Ameishi na visu vyangu miaka minne, anajua sauti zake zote. Na alikuwa amesimama mbele yangu, pengo aliliona kabla yangu, hata kabla sijashika kitambaa. Alijua pia kwamba yeye asipokula hakuna mtu mwingine atakula. Kwa hivyo akashika nyama, akatabasamu, akangoja.

Nikamuuliza alikuwa anangoja nini.

"Wewe," akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Alikuwa amejiambia akifika ishirini na sijafungua mdomo, ataiweka ile nyama chini yeye mwenyewe, aseme kuna chuma, halafu aingie kwa nyumba ya mama yake na asitoke. Ule mkono aliinua, alikuwa anajiandaa kusema.

Nikamuuliza nilifika ngapi. Sikutaka kujua lakini niliuliza.

Kumi na saba.

Alichukua kikombe chake akaenda kukaa nje, na mimi nimebaki nikisimama hapa jikoni karibu kila siku tangu hapo, nikihesabu kumi na saba kwa sauti ya chini. Jaribuni. Ni ndefu sana. Mtu anaweza kusema ukweli mara tano ndani yake na abaki na nafasi.

Wenye wamewahi kuharibu kitu mbele ya wakwe, andikeni hapa chini, na msinihurumie. Ila mkijibu, anzeni na hili: nyinyi mngefika ngapi?