Cheti Alichonyimwa Dada Yangu

Mwaka jana nilirudi Kang'ata kwenye msiba wa shangazi. Nikapita mbele ya iliyokuwa ofisi ya kijiji, na ukutani bado yanasomeka majina ya vijana wakulima bora wa enzi za Ujamaa. Nilisoma jina la kwanza, damu ikanichemka kama vile bado nina miaka kumi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tulihamia kijiji kile watu watatu: bibi, dada yangu mkubwa na mimi. Shamba la vijana lilikuwa kichaka kitupu. Wavulana walilikimbia baada ya wiki mbili. Dada akabaki nalo pamoja na sisi wasichana saba, mimi nikiwa mdogo kuliko wote. Tulitoka umande ukiwa bado kwenye majani, majembe begani, viazi vya kuchemsha kwenye pindo la khanga. Dada alitufundisha kupanda mahindi kwa kamba, kunde katikati. Mchana tulipokezana kufukuza ngedere kwa kugonga debe. Jioni tuliwachotea maji wazee watatu wasiojiweza, na dada hakuturuhusu kuoga kabla mitungi yao haijajaa.

Msimu ule mvua ilikatika mapema. Mashamba mengi yaliungua. Letu lilitoa, maana tulikuwa tumewahi kupanda. Dada akasimama mkutanoni, akaomba nyumba zenye wagonjwa na watoto wachanga zigawiwe kwanza. Zikagawiwa.

Kisha tukasikia mgeni kutoka wilayani anakuja kumtunuku kijana mkulima bora cheti na baiskeli. Bibi alifua gauni la pekee la dada, akalipiga pasi ya mkaa. Mwalimu akatupanga mstari, akatuambia tupige makofi jina likitajwa.

Likatajwa jina la mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, kijana ambaye sikuwahi kumwona na tope miguuni.

Nikapiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Bibi hakupiga. Alimfuata mwenyekiti pale alipokuwa akimkaribisha mgeni chakula.

"Mwenyekiti, shamba lile kalima nani?"

"Bibi, tunajua. Lakini huyu ni msichana. Kesho ataolewa kwingine, baiskeli ya kijiji iende naye?"

"Na huo ugali mnaomlisha mgeni? Hamkuuliza mahindi yake kalima msichana?"

Mgeni alisikia. Alitazama saa yake, akanawa mikono, akaanza kula.

Dada hakulia mbele ya watu. Kesho yake tuliwachotea wazee maji kama kawaida, lakini shambani hakukanyaga tena, wala sisi hatukukanyaga. Alipoitwa mkutanoni ajieleze, alisema, "Mkulima bora mnaye. Mwambieni alime." Msimu uliofuata shamba liliota magugu, na kijiji kizima kikapanga foleni ya mahindi ya msaada.

Dada aliolewa Mpale, akalima huko mpaka mgongo ukakataa. Siku hizi lile shamba limekatwa viwanja. Bibi kafa, wale wazee wamekufa. Watu wakikaa husema enzi zile tulikuwa kitu kimoja, nami huwawaza wale wasichana wanane.

Nilipotoka msibani nilipitia Mpale kwa dada, ambaye mgongo haukumruhusu kusafiri, nikamwambia bado nina hasira. Alikuwa akichambua mboga ya mchunga, hakuinua macho.

"Hiyo hasira," alisema, "mimi niliihitaji siku ile."